Njia ya Baiskeli Ikifika Kona Inakufa

Mfyuu! Nasonya, na sababu ninayo. Njooni hapa kijiweni Manzese, Dar es Salaam, asubuhi mtazame Barabara ya Morogoro. Muuza samaki anatoka soko la Feri, tenga limefungwa nyuma kwa mpira, jasho linamtoka. Njia yake ipo, alijengewa pembeni ya barabara ya mabasi ya Mwendokasi. Sasa angalieni nani yumo ndani: gari limeegeshwa, meza ya mitumba imetanda, bodaboda anakuja kinyume huku anapiga honi. Machinga simlaumu, naye anatafuta riziki na hajapewa pa kwenda. Bodaboda namsonya mara mbili! Barabara nzima anayo, bado anamfukuza mwenye baiskeli kwenye kipande chake.

Hilo ni dogo. Mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016, kilomita zipatazo 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Kariakoo. Kazi nzuri, naisifu. Ila muuza samaki wetu haishi kwenye lami kubwa, wala wateja wake hawaishi pale. Akikata kona kuingia Tandale, njia imekwisha. Hapo ni yeye, bajaji, lori la mchanga na mtaro usio na mfuniko. Na mtoto wa shule ndiyo hivyohivyo.

Mnajua kwa nini? Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kila mmoja anajenga chake na kuishia kwenye mpaka wake, lakini safari ya baiskeli inavuka huo mpaka kila siku. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, wanadai njia salama miaka na miaka. Hao ndio wa kuulizwa kabla mchoro wa barabara haujapigwa muhuri, maana mashimo wanayajua kwa magurudumu.

Na ile njia iliyokwisha kujengwa? Nguzo fupi za zege mdomoni mwake zitazuia magari. Bodaboda hazitamzuia, huyo anamhitaji trafiki, tena kila siku, si wiki ya usalama barabarani peke yake.

Basi ndugu zangu, mkutano wa mtaa ukiitishwa msibaki hapa kijiweni na kahawa. Nendeni, na diwani akiwepo mwambieni: barabara ya mtaa ikichongwa, njia ya baiskeli iwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, na iungane na ile ya Morogoro.