Sifa za Mkono wa Kushoto

Mkono wa mrushaji una wa kuusifu, na unalipwa mamilioni. Mimi nausifu mkono wa kushoto wa refa wa softiboli: ule unaonyooshwa ubavuni, ngumi imekunjwa, ukatulia hapo kama fito ya kuanikia nguo huku wachezaji wakitimua vumbi. Aliyezoea besiboli huuliza refa ameumia bega au vipi.

Hajaumia. Mlinzi asiye na mpira amemziba mkimbiaji njia, na refa ameona. Ila mchezo hausimamishi. Ananyoosha mkono, anaacha kosa liive. Mkimbiaji keshaguswa na mpira, walinzi wanapongezana, ndipo refa anapotangaza kwamba mkimbiaji hajatoka, tena apewe besi ambayo angefika asingezuiwa. Nani anajua angefika wapi? Refa. Raha iliyoje!

Mrushaji akirusha isivyo halali, mkono ni uleule. Hapo kocha wa wapigaji hungoja mchezo uishe, atazame faida iko wapi, kisha achague adhabu au matokeo yalivyo. Mahakama zetu hazijafika huko.

Besiboli haina subira ya namna hii. Refa wa ligi kuu ya Marekani humsonta mkosaji kidole na kulitaja kosa palepale. Na ikiwa mkimbiaji aliyezuiwa ndiye anayewindwa, mchezo husimama papo hapo. Unamwambia mtu kosa lake mara moja, mbele za watu? Utovu wa adabu.

Tena hao wa ligi kuu wana mbwembwe. Mchezaji akitoka, refa wa softiboli hufuata alichofundishwa: ngumi ya kulia, basi. Ron Luciano, refa wa ligi kuu katika miaka ya 1970, alikuwa akiwafyatulia wachezaji vidole mithili ya bastola.

Namhurumia kidogo anayechezesha michezo yote miwili. Mpira mwepesi ukipaa juu ya walinzi wa ndani na sheria ikamtoa mpigaji kabla haujadakwa, softiboli inataka ngumi hewani, besiboli kidole. Mpigaji ametoka vilevile.

Lakini narudi kwa kipenzi changu. Kanuni inataka mkono ukae juu kiasi cha wachezaji kuuona, na wachezaji wote, makocha pamoja nao, wakati huo wanautazama mpira. Kocha anakuja mbio, kofia mkononi, anafoka: “Umeonyesha saa ngapi?” Refa, mkono keshaushusha zamani, anamjibu kwa upole kwamba alionyesha.