Salamu za Papa Mwenyekiti

Hapa Ndosho, mtaa wa Goma ambao njia zake ni mawe meusi ya volkeno, na ambamo aghalabu nyumba haijulikani kwa namba bali kwa jina la mama mwenye kioski kilicho karibu nayo, mgeni akishasalimu, akataja atokako na aliyemzaa, hupewa kiti. Baruapepe nayo iliishi kwa imani kama hiyo tangu Jon Postel alipoziandika kanuni zake mwaka 1982, maana mashine ilisadiki jina lolote ambalo barua ilijipa yenyewe. Lakini matapeli waliitumia imani ile hata wakaimaliza, na leo kila barua hukutana mlangoni na bawabu asiyeitikia salamu, ambaye kazi yake ni kudhani ubaya kwanza.

Chama chetu cha wazazi kilipotaka kuwaandikia wana wa Ndosho waliotawanyika Nairobi, Kampala na Brussels, ili wachangie mabati ya shule, kiliazimia kuwa na seva yake na jina lake lenye mwisho wa .cd, ule uliorithi nafasi ya .zr baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997. Nami, kwa hoja ya kwamba nina kompyuta, nikafanywa fundi bila kuulizwa. Kuiweka seva nyumbani hakukuwezekana, si kwa sababu ya umeme peke yake, ambao huja na kuondoka bila kuaga, bali pia kwa kuwa anwani moja ya intaneti hugawanywa kwa watu wengi, na mlango namba 25, ambao barua hupitia, mara nyingi hufungwa na wenye mitandao. Tukapanga seva Ulaya. Tulipokwisha kulipa ndipo ikadhihirika kwamba mpangaji aliyetutangulia katika anwani ile alikuwa akiwauzia walimwengu vidonge vya nguvu za kiume, na kwamba anwani yenyewe imo katika daftari la watuhumiwa. Papa Mwenyekiti, ambaye ni mzee wa kanisa, alipopashwa habari hiyo aliomba isiandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Anwani ilipofutwa daftarini, yakaja mambo ya ithibati: SPF, yaani orodha iliyotangazwa hadharani ya mashine zenye idhini ya kupeleka barua zetu, kisha DKIM, ambayo ni sahihi inayotiwa katika kila barua kwa ufunguo wa siri na kuhakikiwa kwa ufunguo wa pili, ambao hutangazwa, na mwisho DMARC, inayomwambia bawabu aifanyeje barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Tangu Februari 2024 Google humtaka hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM, na anayepeleka zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail awe na zote tatu. Hapo Papa Mwenyekiti aliinuka.

“Mwanangu, ni nani anayetangaza ufunguo wa nyumba yake?”

Nikamweleza kwamba ufunguo wa kutangazwa huitambua sahihi tu, wala hauwezi kuiandika. Akaridhika, kwa sharti kwamba nakala ya ule wa siri ihifadhiwe na mama mweka hazina katika kisanduku cha michango, nayo ingalimo. Na aliposikia kwamba DMARC huleta ripoti, akaamuru zisomwe mkutanoni. Katibu akazisoma kwa sauti ya taadhima, namba, nukta na mabano yote yakiwamo, na wajumbe wakapiga makofi.

Mitihani yote tukaifaulu, barua ikatumwa, nayo ikaenda moja kwa moja katika sanduku la taka. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ya ofisi zetu; ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ikauliza hali ya mke, watoto na wakwe, ikataja wajane na mayatima, ikataja Kongo, ikataja dola, na kichwa chake kilikuwa cha herufi kubwa tupu, kwa kuwa Papa Mwenyekiti hasadiki kwamba jambo la shule laweza kuandikwa kwa herufi ndogo.

Sasa, ziko programu za kuchuja barua, kama SpamAssassin ya mwaka 2001, ambazo huhesabu makosa kwa pointi, na kwa desturi barua ifikayo pointi 5 huhukumiwa. Kuandika kichwa chote kwa herufi kubwa ni kosa, na hata kumwita mtu “rafiki mpendwa” kwa Kiingereza kumewekewa kanuni. Nyingine hufuata hesabu ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye maandiko yake yalitolewa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake: kila neno hupimwa kwa kutazama limeonekana mara ngapi katika barua za hila. Nasi tulikuwa na bahati mbaya ya historia, kwani baada ya Mobutu kufariki Rabat mwaka 1997, na Laurent Kabila kuuawa mwaka 2001, matapeli walijifanya wajane na wana wao, wakawaandikia watu duniani kote, kwa staha kuu, habari za mamilioni ya dola yaliyofichwa. Mungu, mjane, Kongo na dola walikwisha kutoa ushahidi juu yetu kabla barua yetu haijazaliwa.

Nikashauri salamu ziondolewe. “Kumwomba mtu fedha bila kumsalimu,” akasema Papa Mwenyekiti, “ni kumnyang’anya”. Lakini mabati hayangojei, akakubali shingo upande. Ikaenda barua ya mistari michache, isiyomwuliza mtu hali wala kumtaja Mungu, nayo ikapita. Jibu la kwanza lilitoka Brussels, kwa Kiswahili: “Wazazi wangu, barua nimeipata na mchango nitautuma. Ila nimewakosea nini hata mnaniandikia bila kunisalimu?”

Kumbe jibu hilo la manung’uniko ndilo lililotufaa kuliko ithibati zote, kwa sababu mtu akishakujibu, bawabu wake huanza kukuhesabu kuwa jamaa. Jioni ileile Papa Mwenyekiti alipeleka barua ya pili, yenye salamu zote zilizozuiliwa, za mke, za watoto na za wakwe, kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, nayo haikuulizwa neno. Basi hiyo ndiyo kanuni ya chama chetu sasa, nayo imeandikwa katika kumbukumbu za mkutano: tuingie kwanza, tukishaketi ndipo tubishe hodi.