Mheshimiwa Waziri, Tunaomba Ruhusa ya Maji Kujaa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya barabara, reli, viwanja vya ndege na bandari.

Sisi ni mabaharia wa boti za abiria huku Lamu. Tunaomba radhi mapema kwa kukuchukulia muda. Tunajua meza yako ina mafaili mazito, na kwamba faili letu, kama lipo, huenda liko chini kabisa, mahali ambapo unyevu wa pwani hauwezi kulifikia.

Kilichotutia ujasiri wa kuandika ni habari njema. Tarehe 20 Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kujiandaa kwa janga lijalo. Habari hizo zilitufikia hata sisi wa visiwani. Tukasema: ikiwa ulimwengu unajiandaa, Mheshimiwa naye bila shaka hajalala. Pengine mwongozo wa vyombo vya majini umeshaandikwa, umepigwa muhuri, na umekosa tu mtu wa kuuleta gatini. Ikiwa ndivyo, tafadhali ichane barua hii na utusamehe. Ikiwa sivyo, tunaomba uendelee kusoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa awamu.

Hatulalamiki. Mwaka 2020, korona ilipoingia Kenya, serikali ilitufanyia hisani ya kutuhesabu pamoja na matatu. Gari la abiria 14 liliamriwa libebe 8, na magari makubwa yabebe asilimia 60 ya abiria wake. Ni hesabu safi kwa chombo chenye viti vilivyofungwa kwa bolti. Mashua, Mheshimiwa, ina mabao. Abiria hukaa pale chombo kinapomtaka akae. Tukiwa chini ya tanga, watu husogezwa joshini, upande unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Tukiwa na injini, uzito hugawanywa katikati na nyuma. Ukimwambia abiria akae mita moja kutoka kwa mwenzake atatii, kwa kuwa watu wetu ni watiifu, ila chombo nacho kitaegemea kule alikosogea. Afisa aliyesimama juu ya gati na futi kamba mkononi huona mita moja tu. Nahodha huona mita moja, na maji yanayokaribia ukingo wa boti.

Lakini amri yenyewe ya kupunguza abiria tuliipenda, na hapa tunakushukuru bila kejeli yoyote. Pwani hii haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272. Majirani zetu wa Tanzania hawajasahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 100 kiliua zaidi ya 220. Kwa hiyo ulipokuja ugonjwa na kuleta kikomo cha abiria kinachosimamiwa kwa macho makali, wengi wetu tulisema alhamdulillahi, hata kama kimeletwa na sababu nyingine. Ombi letu ni kwamba safari ijayo hesabu ianzie kwenye cheti cha boti, penye idadi ya watu ambao chombo hicho kinaweza kuwabeba kikaelea, badala ya kuanzia kwenye kiti cha matatu. Na ugonjwa ukiondoka, ukali wa kuhesabu ubaki.

Sasa, kwa idhini yako, tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza: kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Amri ilisambazwa kwa redio, televisheni na gazeti la serikali. Mwezi haukupelekewa nakala.

Utatuwia radhi tukieleza jambo ambalo washauri wako bila shaka wanalijua. Maji ya bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Leo yakijaa saa sita mchana, baada ya wiki moja saa ile ile mchanga utakuwa mkavu. Miji ya Pate na Siyu haifikiki kwa boti ila maji yakiwa yamejaa. Mkanda, ule mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, unaounganisha Lamu na visiwa vya juu, nao una saa zake. Nahodha anayetoka Lamu kwenda Pate haulizi ni saa ngapi, huuliza maji yako wapi. Zipo siku maji yanajaa mchana, na siku hizo tulitii kafyu vizuri mno, hata sifa tungestahili. Zipo siku yanajaa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku hizo, aliyepeleka abiria asubuhi alirudi asubuhi ya pili, au alirudi kama mwizi.

Anayefika Mkanda maji yakiwa yameshatoka ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzunguka nje ya Manda, baharini wazi, na kafyu hii ilianza kusi linapokaribia kuamka. Ya pili ni kukaa juu ya fungu mpaka maji yarudi, kwa muda wa saa sita hivi, na abiria wake wote wamejikunyata chini ya turubai moja kukwepa mvua ya masika. Tuliwahi kumuuliza mkubwa mmoja: abiria kumi waliokaa bega kwa bega juu ya fungu tangu magharibi hadi usiku wa manane, wametii kafyu au wameivunja? Alituambia swali hilo lina busara, na akatutakia siku njema.

Tusije tukaonekana tunadhani haya yalitupata sisi peke yetu. Jioni ya siku ile ile ya kwanza ya kafyu, kule Likoni, Mombasa, kivuko kinachobeba watu wapatao laki tatu kwa siku, wafanyakazi walijazana wakijaribu kuvuka kabla ya saa moja. Polisi waliwapiga na kuwarushia vitoza machozi. Siku chache baadaye Rais wa wakati ule aliomba radhi kwa wananchi kwa nguvu iliyotumika. Tunalitaja kwa adabu, kwa sababu somo lake ni la kitaalamu kabisa: ukipunguza saa za kuvuka bila kupunguza watu wanaovuka, unakusanya umati mahali pale pale ulipotaka kuutawanya. Na mtu aliyepuliziwa moshi wa kutoza machozi hukohoa, Mheshimiwa. Hukohoa sana.

Tunachoomba ni kidogo. Penye maneno “saa moja jioni”, pawe na kifungu kimoja kwa ajili ya visiwa: chombo cha abiria chenye leseni kiruhusiwe kumaliza safari yake kwa mujibu wa maji, nahodha akiwa ameandika gatini saa aliyotoka na saa anayotarajia kufika. Majedwali ya maji huchapishwa kila mwaka. Afisa yeyote anaweza kuyafungua na kujua kama nahodha anasema kweli au anasingizia mwezi. Na nahodha wa zamu ya usiku atajwe waziwazi katika orodha ya watoa huduma muhimu, kwa maana mama anayeshikwa na uchungu Kizingitini usiku hana barabara ya gari la wagonjwa kumpeleka hospitali ya Lamu. Gari lake la wagonjwa ni boti, na dereva wake ni mmoja wetu.

Jambo lingine ni orodha ya abiria. Tuliagizwa kuandika majina ili mgonjwa akipatikana wenzake wa safari watafutwe. Ni agizo lenye akili. Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, Tanzania, mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria. Kisiwani mtu hatoki kwa miguu. Amekaa na watu, wamegusana, na wakifika nchi kavu kila mmoja anashika njia yake. Bila majina, wataalamu hubaki kuuliza sokoni.

Lakini orodha tulizoziandika zilisafiri ndani ya boti, katika daftari lililolowa, chini ya tangi la petroli. Orodha inayosafiri na chombo huzama na chombo. MV Nyerere ilipopinduka, haikujulikana mara moja ni watu wangapi waliokuwamo. Kwa hiyo nakala mbili: moja kwa nahodha, moja ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Karatasi hiyo moja itatumikia tabibu ukija ugonjwa na mzamiaji ikija ajali, na gharama yake ni daftari na kalamu.

Tatizo ni kwamba abiria wengi walituandikisha majina ya uongo. Siku moja, kwa mujibu wa daftari, tungeapa tumebeba Ali watupu. Usiwakasirikie. Huku kwetu, jina linaloandikwa kwa amri ya mwenye sare lina historia yake, na watu wanakumbuka. Mwongozo ukisema wazi kwamba orodha ni ya idara ya afya, haitapelekwa kituo cha polisi, na itachanwa baada ya siku kadhaa zilizotajwa, utashangaa jinsi kina Ali watakavyopata majina yao halisi.

Mengine ni madogo na tutayapita mbio. Barakoa iliyolowa inatakiwa ibadilishwe, wataalamu wenyewe walisema, na kwenye boti ya wazi wakati wa kusi barakoa hulowa kabla hatujapita bandari. Sanitaiza ni spiriti inayowaka moto. Kuiweka kando ya injini yenye mvuke wa petroli, karibu na baharia mwenye sigara, kulihitaji sentensi moja ya onyo ambayo hatukuiona. Ndoo ya maji na sabuni juu ya gati ingetosha. Majaketi ya kuokolea maisha, yanayovuliwa na abiria mmoja na kuvaliwa na mwingine muda huo huo, yalinyunyiziwa dawa kali ya klorini kwa nia njema, dawa ambayo hula kitambaa na nyuzi. Yaoshwe kwa sabuni laini na maji baridi, na yawepo ya zamu mbili ili mengine yakauke. Sasa pesa za jaketi la pili zitoke wapi? Injini yenye abiria wachache hunywa karibu petroli ile ile. Nauli ilipanda, abiria wakatutukana sisi, na hatukuwa na anwani ya kuwaelekeza. Amri inayopunguza abiria ikija na nafuu ya mafuta kwenye ukurasa huo huo, tutaisoma kwa furaha zaidi.

Na tafadhali, kuwe na kurasa zaidi ya moja. Boti ya wazi yenye upepo wa kutosha haifanani na boti iliyofungwa mapazia ya plastiki pande zote. Kwa ugonjwa unaokwenda kwa hewa, ya kwanza ina nafuu kubwa, na pazia likifunguliwa ya pili inapona nusu. Kipindupindu hakijali pazia, kinangoja kwenye dumu la maji ya kunywa na kikombe kimoja cha wote. Homa ya nyani, iliyogunduliwa Kenya mwaka 2024 kwenye mpaka wa Taveta, hupita zaidi kwa kugusana ngozi na kutumia nguo moja, na hapo shuka la kujifunikia dhidi ya mawimbi linahitaji sheria yake. Mwongozo wa korona ukitolewa vumbi na kubandikwa upya kwa ugonjwa mwingine, tutautii, kama kawaida yetu, na watu wataugua.

Hatuthubutu kukuomba uje mwenyewe. Tunajua safari ni ndefu na kwamba kutoka Mokowe, upande wa bara, itakubidi upande boti. Ila yule anayekuandikia rasimu, tunaomba umtume akae nasi tangu maji kupwa hadi maji kujaa, kwa gharama zetu, samaki na wali juu yetu. Kisha rasimu iletwe gatini ikiwa kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mabaharia na abiria, na tupewe siku 14 za kuijibu kabla hujatia saini.

Wako watiifu,
Mabaharia wa boti za abiria, Lamu