Tarehe 19, Inshallah

Grand Theft Auto V ilitoka Septemba 2013. Rais alikuwa Kikwete, Barabara ya Morogoro ilikuwa vifusi vya mwendokasi, na mimi nilikuwa kapera mwenye godoro, televisheni ya chogo na pedi mbili, moja haina R1. Tangu hapo nchi imepata marais wawili wapya. Mwendokasi ulianza 2016. Jiwe la msingi la SGR liliwekwa Aprili 2017, na Juni 2024 treni ikaanza kupeleka abiria Morogoro. Bwawa la Julius Nyerere likajengwa, likajaa, likawasha taa. Nikaoa, nikapata mtoto, mtoto akafika darasa la tano. GTA VI bado inakuja.

Wasiocheza gemu hudhani tunalilia kitu cha watoto. Hawajui kwamba kizazi chetu kilisoma GTA: San Andreas kwenye vibanda vya gemu, mwenye kibanda akiwa na saa ya ukutani na roho ngumu. Zile kodi za kupata hela na kifaru tulizinakili nyuma ya daftari la fizikia: L1, R1, mduara, pembetatu. Kanuni za Newton zimeshatutoka, za kifaru bado zipo kichwani. Watu wa namna hii ukiwaambia gemu ya sita inakuja, usiwatanie.

Na kwa kweli miaka kumi ya mwanzo haikutusumbua. Hakuna aliyetuahidi kitu, tukaendelea na maisha. Shida ilianza Desemba 2023, video ya kwanza ilipotoka na kusema 2025. Mwaka ni mpana, tukatulia. Mei 2025 Rockstar Games, watengenezaji wake, wakatangaza 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena: 19 Novemba 2026. Maelezo ni kwamba wanahitaji muda zaidi wa kuing'arisha. Waing'arishe watakavyo, mimi ugomvi wangu ni na tarehe. Tarehe ikishatajwa, mtu mzima anaanza kupanga mambo, na mtu mzima hapangi mambo peke yake.

Rafiki yangu mmoja ni mhasibu kwenye ofisi ambayo ratiba ya likizo ya mwaka unaofuata hupangwa Oktoba. Akaomba wiki ya tarehe 26 Mei. Kumbe wiki hiyohiyo, kwa hesabu za kalenda, inaangukia Idi el-Hajj, na nusu ya ofisi imeshaiomba. Afisa utumishi akamwita: wewe ni Mlutheri, Idi unaitakia nini? Sasa baba mzima mwenye tai hawezi kumwambia mama mwenye miwani kwamba anataka kwenda kuiba magari Vice City, mji wa kwenye gemu. Akasema mdogo wake anaoa.

Ofisi za kwetu ukitaja harusi umetaja kamati. Kufika jioni kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina kachaguliwa, bosi kaahidi laki mbili, na dereva anauliza kama kadi ya single inaruhusu kuja na mtoto. Mhasibu wa watu, ambaye kazi yake ni kuwadai wenzake stakabadhi, akabaki anaandika "asanteni sana, Mungu awabariki" huku jasho linamtoka. Tarehe 6 Novemba tangazo la kusogeza likatoka. Ikabidi arudi kwa mama wa utumishi: harusi imepelekwa mbele hadi Novemba mwakani, tarehe 19.

Mama akavua miwani. "Mwanangu, ni mahari au ni upande wa binti?"

Akashauri wazee wa pande zote wakae chini. Dada wa masijala akajitolea kufunga na kuomba. Michango haikurudishwa, kwa sababu harusi haijavunjika, imeahirishwa tu. Kilichobaki kilikuwa kumpigia simu mdogo mtu huko Tanga, aelezwe kwamba anaoa. Mdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akauliza zimefika shilingi ngapi, kisha akaomba apewe hadi Februari atafute mchumba.

Kuna wanaotufananisha na wateja wa fundi cherehani karibu na Idi: njoo kesho, njoo jioni, bado vifungo. Nakataa. Kwa fundi kuna benchi. Unakwenda, unakaa, unamkodolea macho, ukiona anagusa kitambaa cha mtu mwingine unakohoa, na usiku wa manane shati linatoka, hata kama mkono mmoja umezidi. Hawa wenzetu wa Rockstar benchi lao hatulijui liko wapi. Tunachoweza ni kurudia ile video ya kwanza, kumtazama mamba anavyoingia dukani bila haraka, na kubishana kama yule mamba ana maana yoyote.

Wenye busara husema heri ichelewe itoke nzima. Wana haki, na hilo ndilo linalokera. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilisogezwa kutoka Aprili 2020 kwenda Septemba, ikatoka Septemba kwenda Novemba, ikatoka Novemba kwenda Desemba. Huo mruko wa mwisho ulikuja baada ya watengenezaji wenyewe kutangaza kuwa kazi imekamilika. Ilipofika, kwenye mashine za kizazi cha nyuma ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka la PlayStation mwezi huohuo, ikarudi Juni 2021. Wavumilivu walikula mbivu, ila ilikuwa na funza. Baadaye ilirekebishwa sana, lakini aliyenunua siku ya kwanza hilo halimsaidii.

Waliopatia, kwa maoni yangu, ni wale vijana wachache wa Team Cherry, kule Adelaide, Australia. Gemu yao, Hollow Knight: Silksong, waliitangaza Februari 2019. Wakateleza mara moja, wakaikosa nusu ya kwanza ya 2023 waliyokuwa wameilenga, basi wakajifunza kunyamaza. Mashabiki walikaribia kurukwa na akili, wakawa wanaona dalili kwenye kila kitu. Tarehe 21 Agosti 2025 wakasema inatoka tarehe 4 Septemba. Ikatoka tarehe 4 Septemba, na maduka ya mtandaoni yakalemewa na wanunuzi. Wiki mbili za taarifa! Zinatosha kuomba ruhusa kazini, hazitoshi kuunda kamati.

Nyumbani kwangu mambo ni hivi. Mama watoto anajua kuna kitu nakisubiri na kwamba kila mara kinasogea, kwa hiyo ameshahitimisha kuwa ni mzigo umekwama bandarini, na ananishauri nibadilishe wakala wa forodha. Kibubu cha gemu kimeshatoboliwa: mara ya kwanza mtungi wa gesi, mara ya pili sare za shule, kwa hoja ile ile isiyojibika kwamba "si wamesogeza?" Mtoto naye ameshaanza kunifunga mabao kwenye gemu ya mpira, na anauliza kama hiyo ya magari ataruhusiwa. Gemu za mfululizo huu ni za watu wazima. Nimemwambia asubiri afike miaka 18. Amepiga hesabu kidogo, akasema basi tutaianza wote.

Kwa wenzangu tuliobaki kwenye foleni: 19 Novemba 2026 ni siku ya Alhamisi. Ukiomba likizo, omba hadi Jumatatu. Kwenye sababu andika "shughuli binafsi", harusi usiitaje kabisa, na fomu ijaze kwa penseli.