Hapa Hatembei Mtu Mikono Mitupu

Mwezi wa nane mwaka 2025 mpwa wangu anayeishi Halifax, huko Kanada, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Mjomba, wamefunga msitu."

Nikakaa chini. Mtu wa Beni, mashariki ya Kongo, akisikia maneno hayo haulizi kwa nini. Anauliza waliouawa ni wangapi.

"Hapana, mjomba. Ni ukame. Wanaogopa moto."

Tangu tarehe 5 Agosti, serikali ya jimbo lao la Nova Scotia ilikuwa imekataza watu kuingia msituni kutembea, kupiga kambi au kuvua samaki. Faini ilikuwa dola 25,000 za Kanada. Nilimwomba arudie hesabu hiyo polepole. Hapa Butembo kwa fedha hizo mtu anaanza nyumba ya matofali, ananunua na pikipiki, na bado anabaki na chenji ya kulalamikia bei ya simenti. Na kosa lenyewe ni kupita chini ya miti!

Kijana hakupiga ili nimpe pole. Alitaka ushauri. "Nyinyi huko mmezoea," akasema. "Msitu ukifungwa, mnatembea wapi?"

Sikujua kwamba dunia inatuhesabu kuwa wataalamu wa jambo hilo, lakini nikifikiri vizuri naona hakukosea. Sisi wa Kaskazini ya Kivu kufungiwa msitu tumekusomea hadi shahada. Hifadhi ya taifa ya Virunga ndiyo kongwe kuliko zote Afrika. Ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 7,800 hivi, kuanzia volkano za upande wa Goma mpaka theluji ya Ruwenzori. Mwaka 2018, mwezi wa tano, msafara wa watalii ulishambuliwa, mlinzi wa hifadhi Rachel Masika Baraka akauawa, na Waingereza wawili wakatekwa kisha wakaachiliwa. Milango ikafungwa kwa wageni. Ilifunguliwa Februari 2019, na Machi 2020 korona ikaifunga tena.

Hizo ni tarehe za watalii. Sisi wa Beni tuna tarehe yetu, Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza. Mbau, Oicha, Eringeti, Mayangose: utotoni mwangu hayo yalikuwa majina ya mahali pa kwenda kutafuta kuni na uyoga. Leo kuna watu wenye mashamba ya kakao ambayo wanayaangalia kwa mbali tu. Hapo sina mzaha wowote, na msomaji asinitafutie.

Ruwenzori nayo tumebaki kuitazama. Wazee wetu waliipanda kutoka Mutwanga, wakalala Kalonge, wakalala Mahangu, wakafika Kiondo meno yakigongana, na wakirudi wanahadithia mpaka wajukuu wanakimbia. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Asubuhi isiyo na mawingu theluji yake inaonekana kutoka Beni bila tiketi wala kiongozi. Ni matembezi ya macho, hayachoshi miguu, na kwa hiyo hayakumridhisha daktari wangu.

Maana chanzo cha matembezi yangu yote ni daktari. Nilikuwa nimeshahamia Butembo, kilomita 54 kusini ya Beni, kufundisha. Akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakitazama, akanitazama. "Mwalimu, tembea."

"Natembea kila siku kwenda shule."

"Hapana. Tembea bila kazi."

Watu wanafikiri dawa ngumu ni sindano. Butembo ni mji wa Wanande, mji wa watu wanaokwenda Dubai na Guangzhou kununua mali wakati wengine bado wanatafuta viatu chini ya kitanda. Hapa hata anayekwenda kanisani amebeba kitu cha kuuza njiani wakati wa kurudi. Kutembea bila kazi ni jambo ambalo mji haukuliandalia nafasi.

Milima ipo, hilo halina ubishi. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,700, na kila mtaa una mteremko wake. Lakini msitu hakuna. Iliyopo ni mikaratusi, imepandwa kwa mistari, na kila mti una mwenyewe anayejua utatoa mbao ngapi. Nikamchukua rafiki yangu mhasibu, ambaye presha yake inashindana na yangu, tukaanza kutafuta mahali pa kutembea.

Mwanzo wetu ulikuwa mbaya kwa sababu ya majira. Ilikuwa 2019, wakati wa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ukamalizika Juni 2020 ukiwa umechukua watu 2,287. Kila njia ilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kijana mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Wenye gari walishuka, wakapimwa wakiwa baridi, wakapita. Sisi tulifika kwa miguu, tumepanda mlima mzima kwenye jua la saa saba, majasho yanatiririka. Kijana akanielekezea kile chombo. Akakitazama. Akarudi nyuma hatua mbili na kuwaita wenzake.

"Nimetembea tu," nikasema.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mjini."

"Pikipiki iliharibika?"

"Hapana. Tumetembea kwa hiari."

Hapo ndipo walipoogopa kweli. Tuliwekwa kivulini, mbali na watu, tupoe, huku abiria wa basi wakituangalia kwa huruma na mama mmoja akitusalia rozari. Tulipoa. Ila mhasibu alikuwa na hasira, na hasira inapandisha joto, kwa hiyo yeye alichelewa.

Korona ilipopita na mikono ikaanza kupeanwa tena, tulirudi milimani. Tulichagua kilima kimoja upande wa Bulengera, chenye njia nzuri ya mbuzi inayozunguka kati ya mikaratusi na mashamba ya maharagwe. Mhasibu alikuwa amevaa viatu vyeupe vya mazoezi alivyotumiwa na dada yake kutoka Brussels. Tukapanda polepole, tukatazama kulia na kushoto jinsi vitabu vya afya vinavyoshauri. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akainua mgongo.

"Bapapa, munatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu, mama. Tunatembea tu."

Akatupima kutoka viatu vyeupe mpaka vichwa vyenye mvi. Watu wazima wawili, mikono mitupu, wanaangalia vichakani. Akaelewa yote. "Mbuzi imepotea," akasema kwa upole.

Mimi nilikuwa nimeanza kueleza habari za presha na daktari. Mhasibu, ambaye alikuwa amechoka na alitaka mazungumzo yaishe, akasema, "Ndiyo, mama."

"Iko rangi gani?"

"Nyeusi."

Yule mama akaweka jembe chini, akakusanya mikono mdomoni, akaita ng'ambo ya bonde. Ng'ambo wakaitikia. Sauti ikapita kilima cha pili. Vijana waliokuwa wakipasua mbao wakaacha msumeno. Watoto waliokuwa wakichota maji wakaacha vidumu. Nilijaribu kusema kwamba hakuna haja, wakanijibu kwamba nisione haya, mbuzi ni mali. Mimi nimeishi miji kadhaa ya nchi hii, na nasema wazi: hakuna mahali ambapo mtu asiye na shida atasaidiwa haraka hivyo.

Kabla hatujamaliza kupumzika, mbuzi mweusi akaletwa. Amefungwa kamba, analia, amezungukwa na vijana wenye furaha. "Ni hii?"

Mhasibu akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Na hapo, kutoka chini, akapanda mzee mwenye panga, akihema, akiuliza ni nani amefungua mbuzi wake.

Kesi ilisikilizwa kwa chefu wa nyumba kumi, kwenye benchi, mbele ya kilima chote. Swali lilikuwa moja na lilikuwa na haki: kama hamkupoteza mbuzi, mlijuaje rangi yake? Mhasibu akasema alikisia. Mzee akasema mtu anayekisia rangi ya mbuzi wa mwenzake si mtu wa kuacha azunguke usiku. Daktari wangu akatajwa, nikaombwa namba yake, akapigiwa, akathibitisha kwamba kweli ndiye aliyetutuma kutembea bila kazi. Kilima kikacheka kwa muda mrefu, na sidhani kilikuwa kinatucheka sisi peke yetu. Tukahukumiwa kuwanunulia kasiksi, pombe ya ndizi, vijana waliokimbia. Mzee akadai na yeye kidogo, kwa ajili ya mbuzi, aliyekuwa anakula vizuri na sasa ameshtuka.

Kisha kukaja wazo la ikweta. Mstari wenyewe unapita kusini kidogo ya mji, njia ya Lubero, na mhasibu alisema matembezi yenye shabaha ya kisayansi hayawezi kuleta matata. Tukaelekea huko, simu mkononi, tukitafuta sifuri. Namba zilishuka vizuri mpaka zikatuingiza ndani ya kabichi za mtu. Tukasimama katikati ya kabichi, hatua moja kulia, hatua moja kushoto, simu juu. Mwenye shamba akatokea na wanawe wakubwa. "Nani amewatuma kupima shamba langu?" Anayejua kesi za ardhi za Lubero na Beni hahitaji kuelezwa zaidi. Kaskazini ya dunia na kusini ya dunia tulizivuka mara nyingi siku hiyo, kwa mbio.

Upande wa Kyondo, kwenye baridi na mandhari ya kumfanya mtu asahau madeni, tuliandamwa na kijana wa pikipiki. Alitaja bei. Tukasema tunatembea. Akapunguza. Tukasema si suala la bei. Akazima injini, akateremka nasi mteremko mzima akipunguza, mpaka akafika bure. Tulipokataa hata bure, alikasirika, na sasa hivi nikimkuta mjini hanisalimii.

Na bariyeri nayo? Tangu 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na ukitembea lazima uwe na kadi yako ya mchaguzi na maelezo yako. Kadi tulikuwa nazo.

"Munatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Munaenda wapi?"

"Nyumbani."

Askari akaandika kwenye daftari, akisema kila neno kwa sauti: wanatoka nyumbani, wanaenda nyumbani, sababu hakuna. Akafunga daftari, akalifungua tena, akapigia mstari neno "hakuna".

Aliyetuokoa ni mke wangu. Asubuhi moja alinipa jembe nimpelekee fundi likatiwe mpini mpya. Nililitia begani, nikapita njia ya mbali ili presha ishuke, na nikashangaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Watoto walinisalimu. Mbwa walinyamaza. Bariyeri waliniambia "Pole na kazi, muzee." Nilipanda kilima hiki, nikashuka kile, nikapita katikati ya mashamba ya watu, na kila mwenye shamba alinionyesha kwa kidole mahali njia ilipo nzuri zaidi.

Tangu siku hiyo mimi na mhasibu tunatembea na majembe. Nikamweleza mpwa wangu uvumbuzi huo kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba Halifax mtu mweusi akizunguka mtaani na jembe begani, watu wataita polisi. Nikamwambia basi abebe kitu ambacho Wakanada wanabeba wanapokuwa na haki ya kuwa mahali. Akafikiri, akasema ni mbwa. Aliazima mbwa wa jirani akawa anazunguka naye kandokando ya bahari, ambako hakukufungwa.

Nikitakiwa kutoa hukumu, nasema hivi: msitu wa Beni hautanirudia kwa kilima cha mikaratusi, na anayeniambia kwamba ni sawa tu hajawahi kuokota uyoga Mayangose. Lakini kwa miguu na kwa moyo wa mtu wa miaka yangu, barabara ya Kyondo inatosha, njia ya Musienene inatosha, na vichochoro vya Bulengera baada ya mvua vinazidi, kwa kuwa huko unashuka kwa makalio. Viatu vya Brussels sasa vina rangi ya udongo wetu, na havitabadilika tena.

Tatizo la jembe ni kwamba watu wanakuamini. Jumamosi iliyopita mama wa kile kilima cha mbuzi alituona tunapita, akatazama majembe, akatuonyesha mistari ya viazi. Kumkatalia hatukuweza, baada ya yote aliyotutendea. Tulilima mpaka saa sita na bado hatujafika nusu ya shamba. Anayehitaji mazoezi, mwenye presha au asiye nayo, atukute pale Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi. Majembe yapo.