Saa Inayohesabu Mikono

Ukimwona mtu wa makamo jijini Dar es Salaam amevaa saa ya mkanda wa mpira yenye kioo cheusi, ujue kuna daktari aliyemwambia neno. Kijana huivaa kwa fasheni, mzee huivaa kwa majibu ya vipimo. Neno langu mimi lilikuwa presha. Daktari alisema nipunguze chumvi na nitembee. Hakusema ninunue chochote, lakini sisi watu wa mjini tukiambiwa tutembee, kwanza tunaingia dukani.

Muuzaji wa Kariakoo aliniwekea mezani saa janja za aina tatu: orijino, orijino ya China, na ya tatu ambayo aliieleza kwa kifupi, "Hii nayo haina shida." Nikachukua hiyo isiyo na shida, kwa kuwa shida zote zilikuwa mfukoni mwangu. Akanihakikishia kwamba inapima hatua, mapigo ya moyo, kalori, usingizi na msongo wa mawazo. Nikamuuliza kama inaonyesha pia saa ngapi. Akasema hilo nalo limo, ila mpaka niguse kioo.

Tangu hapo nimeishi na karani mkononi, na karani huyu ana maoni yake kuhusu maisha yangu. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, siku niliyotembea kuliko zote ni Jumamosi moja niliyoshinda nimekaa kitako juu ya mbuzi nikikuna nazi. Palikuwa na shughuli kwa wakwe, na bibi yake mke wangu aliamua kwamba mwanamume anayesimulia habari za mazoezi kila akija apewe kazi ya kumtoa jasho. Nazi zilikuwa zingali nyingi mbele yangu pale mkono ulipotetemeka, kioo kikawaka na fataki za rangi zikapasuka: hongera, hatua 10,000! Bibi akauliza hiyo simu ya nani. Nikamweleza kuwa si simu, ni saa, inanipongeza kwa kutembea sana. Akaniangalia nilivyokaa, akaiangalia saa, akasema, "Mume wangu, umefika wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile, ila sasa ninalo. Ndani ya saa hizi mna kihisi kiitwacho akselerometa, ambacho kazi yake ni kuhisi mtikisiko. Hakioni mguu. Kinachokiona ni mkono unavyokwenda mbele na kurudi nyuma, na programu ya saa huamua kama mdundo huo unafanana na wa mtu anayetembea. Ukifanana, hatua zinaandikwa. Waliotengeneza mpango huu bila shaka wanatoka kwenye nyumba ambazo mkono hauna kazi nyingi. Kwetu mkono unakuna, unatwanga, unafua, unapepeta, unasonga ugali. Mke wangu alipoiazima saa siku ya kufua mablanketi, alirudi na kilomita ambazo hata mbio za Kilimanjaro zingemstahi, na beseni halikusogea.

Kinyume chake ndicho kinachouma. Kijana anayesukuma mkokoteni kutoka Kariakoo hadi Buguruni, mikono imekamata mbao na haiyumbi, angevaa saa hii angeambiwa ameshinda amekaa. Ndivyo ilivyo hata huko Ulaya kwa mzazi anayesukuma kigari cha mtoto: mkono umetulia, hatua zinapotea. Nimeshuhudia nilipobeba sufuria la wali kwa mikono miwili, kutoka jikoni hadi kwenye turubai la wageni, nikaenda na kurudi mpaka miguu ikalalamika. Karani wangu hakuandika kitu. Lakini nikipanda bodaboda kwenye ile barabara yetu ya mashimo, nafika nyumbani nimeshaandikiwa matembezi. Na kama kipimo ni mkono, basi mwanasiasa jukwaani anaweza kumaliza marathoni bila kushuka ngazi.

Nilipoanza kuichunguza, jambo la kwanza nililotaka kujua ni nani aliyetuamulia hizo hatua 10,000. Nilitarajia jopo la madaktari wenye makoti meupe. Kumbe ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, na hiyo 10,000 ilikuwa ndani ya jina lake. Idadi ikapendeza, ikazunguka dunia nzima, ikatua kwenye kifundo cha mkono wangu. Utafiti ulikuja nyuma sana. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia akina mama wazee zaidi ya 16,000 nchini Marekani. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Niliipokea habari hii kwa furaha ya mdeni aliyeambiwa riba imefutwa. Saa yangu haijaipokea mpaka leo.

Kwenye kalori ndiko karani anakogeuka mwongo wa kukubuhu. Jioni moja aliniambia nimeunguza kalori za kutosha kabisa, nami nikaona ni haki yangu kuzifidia kwa chapati mbili za ziada. Mke wangu, ambaye ndiye aliyezisukuma hizo chapati, akauliza, "Umeziunguza kwa moto upi, baba? Maana gesi iliisha tangu mchana." Elimu iko upande wake. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwavisha watu 60 vifaa saba tofauti, wakawatembeza, wakawakimbiza, wakawaendeshesha baiskeli. Katika mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Katika kalori hakuna hata kimoja kilichopona: kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Muuza duka akinikosea chenji kwa kiwango hicho tutaitana kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Tena mwili wenyewe ni mgumu kuliko hesabu za saa. Kando ya Ziwa Eyasi, huku kwetu Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao wanaume wao hutembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku wakitafuta chakula. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ukishazingatia tofauti ya ukubwa wa mwili, matumizi yao yalikuwa karibu sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili una bajeti yake: ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine. Ikiwa mwindaji wa Eyasi hana ziada, mimi niliyezunguka uwanja wa shule ya msingi nikasimama kuongea na jirani napata wapi kalori za chapati mbili?

Moyo karani wangu anaujua vizuri zaidi, hilo lazima nimpe. Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu huko kupungua. Ukiwa umetulia na mkanda umekaza, hesabu inakuwa nzuri. Ukianza kurukaruka, mkanda unacheza, mwanga unatawanyika, na saa inaweza kuanza kuhesabu mdundo wa hatua zako ikidhani ni moyo. Uthibitisho wa umahiri wake niliupata kibanda umiza, siku ya Simba na Yanga. Nimekaa kwenye benchi, nimebanwa kushoto na kulia, sina hata nafasi ya kujikuna. Dakika za mwisho, penalti, mkono ukatetemeka: mapigo yako yamepanda ilhali hujasogea. Jamaa wa kushoto akaisoma, akashika kifua chake mwenyewe. Sitaji timu yangu, presha isije ikarudi.

Adabu ndiyo karani huyu hana. Saa hii imefunzwa kwamba mtu akikaa muda mrefu akumbushwe kuinuka, lakini haikufunzwa kuuliza amekaa wapi. Msibani, tumekaa mkekani, shehe yumo katikati ya dua, mikono imeinuliwa, na mkono wangu mmoja ukawaka: "Ni wakati wa kusimama!" Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Kiingereza chake cha zamani kikiwa bado kizima. Akainamisha miwani, akaisoma taratibu, akaninong'oneza, "Kijana, kama una udhuru, nenda tu. Marehemu hatakasirika."

Usiku nako hakuna amani. Umeme ukikatika, feni ikasimama, mimi hulala chali bila kutikisika, maana kila kutikisika ni joto jipya. Nahesabu mbu walioko nje ya chandarua, nasikiliza muziki wa baa ya mtaa wa pili. Asubuhi saa inanipongeza kwa usingizi mzuri. Kwake kutulia ndiko kulala, na watafiti wameona kasoro hiyo hiyo kwenye vifaa vingi vya aina hii: vinatambua vizuri mtu aliyelala, lakini aliye macho huku ametulia vinamwekea naye alama ya usingizi. Kuna waliofikia hatua ya kukosa usingizi kwa hofu ya kupata alama mbaya za usingizi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliipa hali hiyo jina, othosomnia. Ugonjwa wa kutolala kwa kufikiria kulala! Wazee wetu waliutibu kwa kuzima koroboi.

Linabaki swali la motisha. Ofisini kwetu tulianzisha mashindano ya hatua, na wa mwisho kila wiki awanunulie wenzake chakula cha mchana. Wiki ya kwanza watu walipanda ngazi, lifti ikabaki na wageni. Wiki zilizofuata akili zikazinduka. Mhasibu akawa anaongoza kwa mbali ingawa kiti chake hakipoi, hadi ilipojulikana kwamba saa hushinda na mwanawe wa kiume, mchezaji wa chandimu. Mwingine kila mkutano alikuwa akitikisa mkono chini ya meza, na kwa kuwa bega lilitikisika pamoja nao, bosi alidhani anaunga mkono kila hoja, akampa kamati mbili. Kule Singapore walilijaribu jambo hili kitaalamu kwa wafanyakazi 800, wengine wakiongezewa zawadi ya fedha, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Fedha iliwainua watu muda wote ilipokuwapo. Ilipoondolewa, wakakaa. Mwishoni mwa mwaka si uzito uliopungua wala presha iliyoshuka.

Mwaka huohuo 2016 yakaja na ya Pittsburgh, Marekani, yaliyowanyima raha wauzaji. Watu wanene 471 walifuatiliwa miaka miwili wakipunguza uzito. Waliopewa vifaa vya kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5. Wasiopewa walipungua kilo 5.9. Huenda waliovaa nao walikuwa na wake wanaosukuma chapati. Hata hivyo haki itendeke: mwaka 2022, uchambuzi mpana uliokusanya tafiti zenye washiriki karibu 164,000 ulionyesha kwamba wanaovaa vifaa hivi huongeza wastani wa hatua 1,800 kwa siku, na hupungua kama kilo moja. Maana yake, kukutembeza karani atakutembeza. Kukukondesha usimtegemee.

Mimi nimetembezwa, nakiri, lakini si na saa peke yake. Mambo yalibadilika mke wangu alipojifunza kuisoma. Jioni ananishika mkono, naona ni mahaba, kumbe anatazama kioo. "Elfu mbili tu, baba? Na nyanya zimeisha." Natumwa nyanya. Nikirudi, kitunguu. Nikirudi na kitunguu, anakumbuka kiberiti, na siku hiyo namba ikipanda vizuri hata bamia ambazo hazipikwi zinatakiwa. Namba ile ile niliyokuwa naipuuza ikiwa kwenye kioo, siwezi kuipuuza ikitoka kinywani mwake. Niliporudi kliniki presha ilikuwa imeshuka. Nikamwonyesha daktari saa kwa majivuno. Hakuitazama. Aliniuliza chumvi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kuivaa, ivae kwa masharti. Hatua zake zitumie kulinganisha wiki yako hii na wiki yako iliyopita, usizilinganishe na za jirani, hujui mwanawe anacheza namba ngapi. Mapigo ya moyo yasome ukiwa umetulia, na yakikutia shaka mwone daktari, usimwone muuzaji. Kalori usizilie chapati. Msibani izime. Na namba zake mpe mtu mmoja wa nyumbani azisome, awe mtu ambaye huwezi kumdanganya. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Dakika hizo hata saa ya ukutani inazihesabu, na haimpongezi mtu aliyekaa.