Lahajedwali ya Chaki

Karatasi ya pili ya Somo la Kompyuta katika mtihani wa KCSE ni ya vitendo, hufanyiwa kwenye mashine. Hilo halijamzuia mwalimu mmoja wa Machakos kufundisha lahajedwali ubaoni. Excel ina safu mlalo 1,048,576. Ubao una kumi, na ya mwisho hufutwa na kiwiko. Wanafunzi hukariri =SUM(B2:B9) kama sala ya asubuhi, kisha hujumlisha kwa vidole. Kompyuta zipo, ondoa shaka: zimefunikwa shuka, zimefungiwa, na ufunguo anao naibu mwalimu mkuu, aliyekwenda semina ya teknolojia. Hajaenda mbali, ni hapo Konza, mji wa kidijitali uliozinduliwa Januari 2013. Na alama za muhula? Mwalimu huzijumlisha kwa kikokotoo, halafu huandika jibu kwenye seli ya ubaoni.